Mchicha Usio na Tundu

Niinueni kidogo, wanangu, mto uwe juu. Ndaki, kaa upande huu wa sikio zima. Scolastika, mpakate mwanao Blessing, naye asikilize hata kama hajibu.

Nyumba na ng'ombe mtagawana mbele ya baba yenu mdogo, bila kushikana mashati. Kinachonitesa mimi ni bustani ya bondeni, ambayo mmeanza kuigombea kabla sijapoa, kwa sababu mchicha wake hauna tundu hata moja. Panzi hutua, hugeuka, huondoka. Mbuzi wa jirani yetu Abel alikata kamba akaingia mle, akatafuna uzio, mchicha akauacha. Sokoni Kharumwa akina mama wanasema mboga za mzee Nkwabi ni safi, nami nilikuwa nikicheka na kuwafungia mafungu.

Sikilizeni basi niliyoyaficha, maana mficha maradhi kilio humuumbua. Ujanani nilichoma zebaki kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, na mkono huu mnaona unavyocheza wenyewe. Marudio, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa, yalishuka na mvua yakalala kwenye bustani zetu zote mbili, ya juu pale zizini na hii ya bondeni. Akaja binti wa chuo, Zuhra, mwenye adabu zake, akachota udongo kwenye mifuko. Majibu yakasema zebaki na madini ya risasi ni nyingi bustani ya juu, bondeni ni kidogo. Nikajiona mjanja, nikahamishia mboga zote bondeni. Nikamlisha mama yenu Lusia, nikawalisha ninyi, na Blessing akaachishwa ziwa kwa mchuzi wa mchicha ule.

Msimu uliofuata Zuhra akarudi. Safari hii aling'oa na mboga zenyewe akaenda kuzipima, na udongo akauloweka kwenye maji ya dawa hafifu yanayofanya kazi ya mzizi, aone unaachia nini. Alipoleta majibu hakukaa kwenye kigoda nilichompa. "Babu," akasema, "udongo wa bustani ya juu una sumu nyingi, lakini samadi na majivu vimeishika, mmea hauipati. Wa huku bondeni una kidogo, ila ni mchachu, unaachia karibu yote. Nani amekula mboga za huku?" Karatasi yake niliichomeka darini, nikaendelea kuuza hadi nilipoanguka, kwa aibu, wanangu, kwa aibu tu.

Blessing ana miaka minne na hajatamka neno. Sisemi ni mboga, wala siwezi kusema si mboga. Kabla sijaanguka, kila asubuhi alinitangulia bondeni, akalala juu ya tuta, akaweka sikio chini, akatulia kama anayesimuliwa kitu. Hata shimoni kwenye dhahabu sikuwahi kuogopa hivyo.

Nipeni maji... Basi. Najua nikiwaachia karatasi mtafungia karanga, na nikiwakataza kwa mdomo mtalima kabla arobaini haijaisha. Kwa hiyo fanyeni hivi. Mila yetu mwenye mji huzikwa zizini. Mimi msinizike zizini. Nizikeni bondeni, katikati ya matuta, kwa maana sijamwona Msukuma anayechuma mboga juu ya baba yake. Mvua ikinyesha mchicha utaota wenyewe juu yangu, mpana, laini, bila tundu. Msiuguse. Wageni wakiuliza mbona ardhi nzuri imelala, waonyesheni kaburi. Bustani ile ya juu ipeni samadi na majivu kila mwaka, wala msipande kabla Zuhra hajapima udongo na majani tena. Karatasi iko darini, upande wa mlango, ina namba yake. Mtoto apelekwe hospitali kesho, msingoje matanga.

Ndaki, mwachie dada yako neno la mwisho. Scolastika, msamehe kaka yako. Mungu na wazee waliolala wawape vizazi vinavyosema... vinavyoimba. Wabeja, asanteni, wanangu. Sauti inakwisha.

Blessing, mjukuu wangu, njoo... nipe mkono. Hivyo. Una baridi. Scolastika, shika mkono wangu, ubane ili usicheze kabisa... Umebana?

Wangu umetulia; mbona wa mtoto bado nausikia unacheza?