Miiba ya Ndagala Niliyowapa Kuku

Wazazi wangu wa shirika hili la kanisa, na vijana wenzangu, munivumilie. Nitasoma, maana nikisimama mbele ya watu maneno yananikimbia. Nimeandika haya kwa siku nyingi kwenye kayee, daftari langu hili. Mama amenipa ruhusa. Aliniambia, "Soma yote, hata ile ya kuku."

Kwetu ni hapa Kilibula. Baba alikufa zamani, dada zangu wameolewa Bwegera, nyumbani tulibaki mimi na mama. Miaka sita iliyopita alikutwa na kansa ya titi. Walimkata titi la kushoto, kisha akatiwa dawa za kwenye mshipa kule Bujumbura, safari baada ya safari. Nywele zilianguka. Mdomo ulijaa vidonda. Damu yake ya kila mwezi ilikatika wala haikurudi, naye alikuwa na miaka arobaini na mbili tu. Dawa hizo zilipokwisha alipewa vidonge vidogo vya kumeza kila siku, kwa miaka, ili ugonjwa usirudi. Tulipewa na karatasi ya maelezo. Ilikuwa kwa Kifaransa. Mimi niliishia darasa la sita. Niliikunja nikaiweka ndani ya Biblia, nikaona kwamba nimeiweka mahali pazuri.

Kwa sababu ya vile vidonda, mama hakuweza kutafuna. Nilikuwa ninaketi mlangoni na sahani ya ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, ninachukua mmoja mmoja, ninakata kichwa, ninafungua mgongo kwa kucha, ninavuta mwiba. Mnajua ndagala alivyo mdogo. Ni kazi ya asubuhi nzima. Miiba na vichwa niliwatupia kuku.

Mama mmoja jirani alikuwa akipita anasimama. "Weye mutoto! Mama yako alizaa kweli. Wangu hawawezi kunitolea hata muiba wa mukeke, samaki mukubwa vile!"

Ndugu zangu, nawaambia ukweli. Mimi si mtu wa kusifiwa. Shuleni sikusifiwa hata siku moja. Maneno ya yule mama yaliniingia kama sukari. Vidonda vya mama vilipona baada ya miezi michache, lakini mimi niliendelea kutoa miiba. Niliendelea kwa miaka mitatu.

Na si miiba peke yake. Mama akishika ndoo, nilimnyang'anya. Akichukua ufagio, nilimnyang'anya.

"Niache basi nifagie kwangu!"

"Hapana, mama. Watu watasema nini juu yangu?"

Naye pia hakupenda kutoka nje. Kifua chake upande mmoja kilikuwa bapa, aliona kama kila mtu anakiangalia. Nilimshonea pazia nene, tukalifunga mchana na jioni. Wageni wakija niliwaambia, "Mumuache, iko napumuzika." Walinipongeza. Hivyo mama yangu alipona kansa, halafu akakaa kitandani kama mfungwa, na mlinzi wake nilikuwa mimi.

Siku moja alikanyaga kikwembe chake cha buluu, kitenge cha kujifunga kiunoni, akataka kuanguka. Kilikuwa kinaburuta chini. Nikakunja upindo, nikashona. Baada ya miezi kikaburuta tena. Nikakunja tena.

Mama alicheka. "Minye naanza kurudi mutoto. Utanibeba mugongo."

Mimi pia nilicheka. Mnanisikia? Nilicheka.

Mara ya tatu nilipokunja, hatukucheka tena, maana alikuwa ameanza kulalamikia mgongo. Kisha asubuhi moja ya mvua, paa likivuja, aliinama kuvuta beseni la nguo lisiloe. Nilisikia mlio, kama kijiti kikavu kikivunjika. Mama alibaki amepiga magoti, mikono chini. Hakulia. Alisema tu, "Usiniguse."

Tantine, dada yake baba, alikuja akamwangalia, akanivuta pembeni. Lakini nyumba yetu haina pembeni. "Imerudi," alisema. "Ikifika mu mifupa, hakuna tena."

Mama alisikia. Kutoka siku ile alikataa kwenda kwa muganga wa hospitali. "Wataniambia kitu ninakijua tayari. Niache nife kwangu." Akaacha na vile vidonge. Mimi nilitii, kwa kuwa nilizoea kuwa mtoto mwema. Alilala chali zaidi ya mwezi mzima, pazia limefungwa. Nilimlisha ndagala wasio na miiba, nikamnawisha, nikamgeuza kama gunia. Msinifikirie kuwa nilikuwa ninaomba Mungu amponye. Nilikuwa ninaomba amalize upesi, kwa sababu ya vile alivyokuwa anauma meno nikimgeuza.

Ndipo akaniomba kitu. Alitaka azikwe na kikwembe chake cha akina mama wa kanisa, ile sare ya buluu. "Lakini fumua upindo," alisema. "Nataka kiwe kirefu kama nilivyokinunua. Wanizike nikiwa mutu muzima."

Nilikwenda kuketi mlangoni, pale pale pa ndagala, nikaanza kufumua. Uzi ukitoka, matundu ya sindano yanabaki. Nikaona mistari mitatu ya matundu. Nikapima kwa mkono kutoka mstari wa tatu mpaka ukingo: vidole vinne. Nikaanza kuhesabu majira. Upindo wa kwanza niliushona kabla ya safari yetu ya mwisho ya Bujumbura, ile ya kupimwa tu. Na safari ile walimpima kila mahali wakasema kansa haipo. Basi mama alikuwa amekwisha kuanza kuwa mfupi wakati hana kansa. Ni kitu gani kilikuwa kinamla?

Sikuaga mtu. Nilikimbia mpaka kituo cha afya na kile kikwembe mkononi. Muuguzi aliniuliza shida, maneno yakagoma. Nikatandika nguo mezani, nikamwonyesha mistari. Alipitisha kidole juu ya matundu, mstari kwa mstari. Akauliza, "Uyu muntu iko wapi sasa?"

Tulimbeba mama kwa machela, akitukana njia nzima. Walipiga picha ya mifupa, walichukua damu, wakatutuma mbele kwa vipimo vingine. Siku zile sitazieleza. Mwishoni daktari alituita. Kansa haikuonekana popote. Mifupa ya mgongo mitatu ilikuwa imebonyea, kama boksi la karatasi lililokaliwa. Alisema ile damu ya mwezi ikikatika mapema kwa sababu ya dawa, mifupa inapoteza nguvu, na vile vidonge vinavyozuia kansa vinaipunguzia tena. Ndiyo maana inapaswa kulindwa tangu mwanzo. Akaanza kuuliza.

"Alikuwa anatembea?"

"Hapana."

"Nani alimukataza?"

"Ni minye."

"Jua anapata?"

"Hapana, dokta."

"Anakula nini?"

"Ndagala." Hapo nilisema kwa sauti, maana nilijua ni chakula kizuri.

"Vizuri sana. Pamoja na miiba yake?"

"Miiba ninatoa. Ninawapa kuku."

Aliweka kalamu chini. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema taratibu kwamba mwiba ule mdogo ndio chakula cha mfupa. Nikakumbuka kuku wetu, walivyonenepa, mayai yao yalivyokuwa magumu kuvunja. Nilikuwa nimewalisha mgongo wa mama yangu.

Nilitoa ile karatasi kwenye Biblia. Daktari aliisoma, akaweka kidole. Habari yote ya mifupa ilikuwa pale, mstari wa pili tangu juu.

Wazazi wangu, mifupa iliyobonyea hainyooki tena. Mama atakuwa ameinama mpaka mwisho wake, na mgongo unamuuma wakati huu ninaposoma. Alirudishiwa vidonge vyake, akaongezewa dawa ya mifupa. Walimfundisha kusimama, kuinuka kitini bila kushika, kutembea. Asiiname, asibebe kichwani, asiteleze. Siku ya kwanza alifika mlangoni tu, akalia. Mimi nilisimama mikono nyuma, sikumshika, kwa kuwa waliniambia nisimshike. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya.

Tulipoanza kutoka barabarani asubuhi, yule jirani alipiga kelele. "Muangalie uyu! Anatembeza mama yake mugonjwa mu jua kama ng'ombe wa Mulenge!"

Nilitaka ardhi inimeze. Mama akasimama, akapumua, akamjibu. "Ng'ombe wa Mulenge ni munene, weye. Minye niko mbuzi tu. Lakini mbuzi iko natembea!"

Nyumbani nilimpa ndagala wazima. Aliwatafuna polepole, na miiba, na vichwa. Kuku walikuja kusimama mlangoni wakanitazama. Nikawafukuza.

Ninamshukuru muuguzi aliyesoma nguo badala ya kungoja maneno yangu. Ninawashukuru akina mama wawili wa shirika hili, mnajijua, mnaopita kila asubuhi kutembea na mama, na hamtazami kifua chake. Namshukuru hata yule jirani. Sasa anakuja kuuliza kwa ajili ya dada yake aliyekatwa titi.

Kwenu mnaouguza, naomba neno moja. Siku dawa ya kansa inapoanza, uliza habari ya mifupa. Ukipewa karatasi usiyoijua, tafuta mtu akusomee siku ileile. Na mgonjwa akisema "niache nifagie", usimnyang'anye ufagio mpaka umemuuliza muganga. Mimi nilimnyang'anya, nikasifiwa.

Mama ameketi pale benchi la tatu. Amekuja kwa miguu yake. Amevaa kile kikwembe cha buluu, cha kuzikiwa. Niliurudisha upindo, mstari wa tatu, na huu ni mwaka wa pili sijaugusa. Akisimama kutoka, muangalie miguuni. Hakiburuti.