Phares Aloo na Mashine Aliyoiita Shosho

Fsss! Sauti hiyo bado ninayo masikioni: unga wa sumaku ukipanda mbio kijiko changu cha chuma, siku yangu ya kwanza kazini. Phares Aloo alicheka, akanipa kijiti cha mbao, kama alivyompa kila mgeni wa maabara yetu ya Kariobangi kwa miaka thelathini na minne. Anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Februari 2026.

Mzaliwa wa Makongeni, mwana wa mfanyakazi wa reli, aliitwa hapa mwaka 1992 kurekebisha waya mmoja tu wa mashine ya eksirei. Alipomaliza aliuliza inafanya kazi gani. Akaambiwa huonyesha jinsi atomu zilivyojipanga ndani ya punje za chuma. Hakuondoka tena! Mashine akaiita Shosho, yaani bibi, na kila asubuhi humwamkia yeye kabla yetu.

Karakana moja ya Dandora ilitengeneza sumaku za spika zilizochoka upesi, na wenyewe wakalaumu chuma. Aloo aliupima unga wao siku nne mfululizo, akaona kwamba waliusaga mno hadi fuwele zikavurugika. Aliwashauri wasage kwa saa mbili badala ya nane, kisha wauchome tanuruni. Siku hizi ukipita Dandora Jumamosi na kifua kikakutetemeka kwa besi, mshukuru Aloo. Au mlaumu.

Mwaka jana, kwenye grafu ya Shosho, nilipata mstari usiofanana na wa chuma chochote vitabuni. Niliruka! Nilimpigia mama simu kule Njiru, na ugunduzi wangu nikaanza kuutafutia jina. Aloo aliutazama mstari, akanusa kinu cha maabara, kisha akamgeukia mwenzetu Munyao, aliyekuwa akitafuna.

"Hongera, binti yangu. Umegundua chumvi ya mayai ya Munyao."

Kumbe Munyao aliisagia humo. "Sasa mzee, yai bila chumvi nitalishukisha na nini?" akajitetea. Tulicheka hadi askari wa getini akaja kuuliza kuna nini. Baadaye Aloo alikaa nami wiki nzima tukirudia vipimo vyote kumi na sita, wala hakunitaja kwa wakubwa.

Kisha uongozi ukatangaza kwamba Aloo akiondoka, Shosho atauzwa kama chuma chakavu, isipokuwa mtu anayemjua vizuri akubali kumtunza. Mtu huyo alikuwa mimi peke yangu, nami nilikuwa nimepata nafasi katika maabara mpya ng'ambo ya mji. Aloo hakuniomba nibaki. Alimpangusa Shosho tu, kila siku kwa muda mrefu zaidi.

Asante, mzee wetu, kwa subira na kwa vicheko. Wewe na mkeo, Mama Awuor, muwe na afya tele na asubuhi zisizo na haraka. Na usiwaze tena habari ya mashine: Jumanne niliikataa nafasi ile kwa barua, nikatia sahihi fomu ya kumtunza Shosho, na mnunuzi wa chuma chakavu ameshaambiwa asije.