Swali la Msokotaji

Benchi la kijiwe hiki limeegemea ukuta wa duka la Kiraka, fundi viatu, na tangu zamani lina nafasi nne. Ya kwanza ni ya Kiraka mwenyewe, ili ashone huku akibisha. Ya pili ni ya Breki, dereva wa malori aliyestaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna breki. Ya tatu ni ya Chaki, aliyekuwa mwalimu. Ya nne ilikuwa ya Msokotaji, aliyesokota sigara nene za majani matupu ya tumbaku nyumbani kwake. Kila asubuhi alikuja na moja, akaiwasha, akaizungusha kwa wenzake na kuuliza swali lile lile: "Kali au si kali?" Wiki tatu zilizopita walimzika. Leo nafasi yake imekaliwa na birika la kahawa, na sigara yake ya mwisho iko mkononi mwa Kiraka, aliyeitunza kwenye kopo la misumari. Kiraka alitaka jambo moja tu: leo marehemu ajibiwe.

Kiraka: Kila mtu avute, aseme neno moja. Kali, au si kali. Hadithi sitaki.

Breki: Hata kuwasha hakuna haja. Itazame ilivyo nyeusi. Weusi ndio ukali.

Chaki: Hilo ni jani la nje tu. Ukali uko ndani. Wewe ungenunua gari kwa kutazama rangi.

Breki: Nimenunua. Mara mbili.

Kiraka akaiwasha polepole, akiigeuza juu ya moto kama alivyomwona Msokotaji akifanya. Akavuta mara moja, akampa Chaki haraka, maana alitaka kusikia atasema nini.

Chaki: Inakwaruza koo. Kitu kikikwaruza koo, ni kikali.

Breki: Koo lako limekula vumbi la chaki miaka thelathini, litajua nini? Lete hapa. Ukali hausemwi na koo, unasemwa na magoti. Niliwahi kuvuta moja ya kwake kabla sijanywa hata chai. Nikasimama, magoti yakaniambia kaa.

Chaki: Hiyo ilikuwa njaa.

Breki: Njaa naijua, tunaheshimiana. Ule ulikuwa ukali.

Chaki: Na unavuta kama mtu anayekimbizwa. Kwa mwendo huo hata jani la muhindi litakuwa kali.

Breki: Kikulacho ki nguoni mwako.

Chaki: Hiyo imeingiaje hapa?

Breki: Harufu, mwalimu. Ukali wa kweli unabaki kwenye koti. Nilivuta Jumatatu. Alhamisi mke wangu anaanua nguo, koti likampigisha chafya kutoka kwenye kamba.

Chaki: Basi na moshi wenyewe utazame. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kiraka nusura acheke. Hivi ndivyo walivyokuwa wakifanya kila siku. Msokotaji alikuwa akikaa pale mwisho, akiwatazama midomo mmoja baada ya mwingine, akingoja.

Breki: Sigara kali nzi hapiti juu yake. Ikizidi hapo, saa inasimama. Yangu ilisimama.

Chaki: Betri iliisha.

Breki: Na betri iliishaje?

Chaki: Sikilizeni. Ukali haumo kwenye sigara, umo kwa mvutaji. Ukiamka na amani, ni laini. Ukiamka umegombana nyumbani, ni kali. Swali lake lilikuwa halina jibu.

Kiraka: Nilisema neno moja.

Alipoinua macho, binti yake Msokotaji alikuwa amesimama mbele yao, na hakuna aliyejua amesimama kwa muda gani.

Binti: Shikamooni, baba zangu.

Wakaitikia pamoja. Breki akaondoa birika ili binti akae. Hakukaa.

Binti: Nimeleta ala ya kisu cha baba, mshono umeachia. Siku hizi majani nakata mwenyewe.

Kiraka: Iache, mama. Kesho itakuwa tayari.

Binti: Hiyo mnayovuta ni ya kwake.

Kiraka: Ya mwisho. Tunalitafutia jibu lile swali lake.

Binti: Alipokuwa akiwauliza, mlikuwa mnamjibu nini?

Breki: Ah, baba yako alikuwa mtani, mwanetu. Siku moja nikamwambia...

Binti: Hakuwa akitania. Baada ya ile homa ya mwaka jana ulimi wake ulikufa. Chumvi hasikii, sukari hasikii. Tumbaku alichanganya kwa kukisia tu. Akawa ananiambia, "Ngoja niende kwa wenzangu, wao watanionjea." Akirudi namuuliza, wamesemaje? Ananiambia, "Leo wamecheka sana." Halafu anakaa na majani yake mchana kutwa, hajui aongeze au apunguze.

Kiraka alikumbuka asubuhi ya mwisho. Alimjibu, "Wewe ndiye fundi, sisi tukufundishe kazi?" Alidhani amemsifu. Sasa maneno hayo yalimrudia yote, na aliona aibu kumtazama mtoto wa rafiki yake.

Binti: Silaumu mtu. Ila mchanganyiko huo ndio ninaousokota sasa. Hiyo sigara ni kali?

Sigara ilikuwa mkononi mwa Breki. Ilishazimika zamani, tangu kwenye hadithi ya saa. Kiraka akajaribu kuikumbuka ladha ya ule moshi aliouvuta, akakumbuka tu jinsi alivyokuwa na haraka ya kuipitisha.

Kiraka: Sijui, mwanangu.

Binti: Na yeye mlimwambia kwamba hamjui?

Binti akaiweka ala pale mwisho wa benchi, akaaga kwa heshima, akaondoka. Breki akainua birika amimine, apate walau cha kufanya. Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyeinuka kwenda kupika nyingine.