Marselina na Kioo cha Lea

Wasikilizaji wapendwa, mliopo jikoni punguzeni moto, mliopo dukani ongezeni sauti. Leo tunamkumbuka Bibi Marselina Tomasi. Alizaliwa Msowero, akafanya kazi ya maabara Kilosa kwa miaka mingi, na tumemzika Alhamisi iliyopita akiwa na miaka themanini. Msowero, Kilosa, maabara. Shikeni hayo matatu.

Sitaanza na huzuni. Mwenyewe angenigombeza. Binti yake, Fausta, ameniambia, "Mama hakupenda kulialia. Ukilia anakuuliza, umemaliza? Haya, kalete maji."

Mwaka 1961, nchi inapata uhuru, Marselina ana miaka ishirini. Kazi yake katika hospitali moja pale Kilosa ilikuwa kuosha vioo. Vile vioo vyembamba vinavyopakwa damu au makohozi na kuwekwa chini ya darubini. Wenzake waliviosha wakavipanga. Yeye alichungulia kwanza, ndipo aoshe. Wakamfukuza kwenye ile darubini mara nyingi tu. Mwishowe daktari mmoja akachoka kumfukuza, akamfundisha. Miaka michache baadaye alikuwa msaidizi wa maabara mwenye cheti. Mwosha vioo, jamani!

Sasa nisikilizeni vizuri. Miilini mwetu tunazo seli kubwa za kinga. Wataalamu huziita makrofaji. Kazi yake ni kumeza. Bakteria akiingia, zinamfuata, zinamzingira, zinammeza na kumsaga. Lakini bakteria wa ukoma ni mkaidi. Anamezwa, halafu anaishi humo humo ndani ya seli iliyommeza, na anazaana. Dawa ndiyo inayomuua. Na akishakufa, mzoga wake unabaki ndani ya seli, zinausaga polepole, hata kwa miaka. Narudia: bakteria amekufa, na bado anaonekana kwenye darubini.

Tuje mwaka 1974. Watu wanahamia vijiji vya ujamaa. Kuna mama anaitwa Lea, amemeza vidonge vya ukoma miaka sita katika kambi ya wagonjwa. Anataka kurudi kwao, kwenye kijiji kipya upande wa Ruhembe, aishi na binti yake Agnesi, mtoto wa miaka minane aliyelelewa na bibi yake. Kamati ya kijiji ikasema alete karatasi ya maabara. Akikutwa na vijidudu, hapati kiwanja, wala mtoto hapewi.

Lea akaja Kilosa. Marselina akambana ndewe ya sikio, akachana ngozi kidogo kwa wembe, akapaka majimaji kwenye kioo, akatia rangi. Fomu ilikuwa na majibu mawili tu: vipo, havipo. Akachungulia. Ndani ya zile seli kubwa, vijidudu vyekundu vimejaa. Akaandika: vipo. Ndivyo alivyofundishwa. Hakukosea kuona, wasikilizaji. Alikosea kuishia pale.

Lea akaisoma karatasi yake dirishani. Akaisoma tena. Akasema, "Dada, umeandika vipo. Sawa. Sasa humo ndani vinafanya nini?"

Mtu na koti lake jeupe, anaulizwa swali dirishani na mgonjwa! Marselina akamwambia Lea angoje, akakirudisha kioo, akakaa nacho mchana kutwa. Bakteria wa ukoma akiwa hai ni kijiti kizima. Vya Lea vilikuwa vimekatikakatika, punjepunje, kama mtama uliotwangwa. Marselina akahesabu mia moja, hakukuta kizima hata kimoja. Dawa ilikwisha kuviua, na seli za Lea zilikuwa zinamalizia kazi. Akachukua fomu, akaongeza: vimekufa vyote.

Mkuu wake akafoka kwamba fomu haina nafasi ya maneno hayo. Naye akamjibu, "Shikamoo mzee. Basi fomu ndiyo yenye upungufu."

Kamati nayo ikaikataa. Wenyewe waliona "vipo" tu, hayo mengine wakasema ni huruma ya wanawake. Hapo Marselina akapandwa na hasira. Akaifunga darubini kwa kitenge, akaomba lifti kwenye lori la mahindi hadi Mikumi, ameipakata njia nzima. Kutoka Mikumi akapanda basi, kisha akatembea. Akaiweka juu ya meza nje ya ofisi ya kijiji, akakigeuza kijioo chake cha chini kuelekea mwanga wa jua, maana darubini ile haikuhitaji umeme. Alibeba vioo viwili: kimoja cha mgonjwa ambaye hajaanza dawa, kingine cha Lea.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Kasian, mtu asiyekubali jambo kwa kuambiwa. Akainama. "Naona kope zangu tu," akasema. Kijiji kizima kikacheka.

"Usilibane jicho, mzee," Marselina akamwambia.

Akatazama cha kwanza. "Hivi kama njiti za kiberiti." Akawekewa cha pili. "Hivi vimesagwa. Nani kavisaga?"

"Mwili wa Lea, mzee. Na dawa aliyomeza."

Kasian akanyanyuka, akajifuta jicho. "Kumbe tunamfukuza mwenzetu kwa ajili ya mizoga," akasema. "Mpimieni kiwanja. Leo hii."

Wakamjengea kwa msaragambo, kijiji kizima kwa pamoja bila malipo. Siku ya kuezeka, kama ilivyo desturi, mwenye nyumba anawalisha waliofanya kazi. Lea akasonga ugali, akaweka sinia moja katikati. Agnesi akapita na maji. Watu wakanawa, wakakaa. Hakuna aliyepeleka mkono. Mzee Kasian akawatazama mmoja mmoja. "Mnangoja niwatafunie?" Akamega tonge la kwanza. Sinia likaisha, likaletwa jingine. Mimi nikifika hapa huwa napiga makofi peke yangu humu studio, fundi mitambo ni shahidi.

Lea aliishi katika nyumba ile mpaka uzee wake. Fomu za pale maabara zikaongezwa safu ya tatu, ya vilivyokufa, na Marselina akaifundisha kwa kila aliyekuja nyuma yake.

Kwa Fausta na ndugu zake, poleni sana. Kwa wana Msowero na Kilosa, poleni. Nawe msikilizaji, kama yupo mtu uliyemwandikia neno moja ukafunga daftari, jioni ya leo lifungue tena.

Fausta amenisimulia jambo la Alhamisi, nami nimeliweka mwisho kwa makusudi. Wanawake wa kumwosha mama yake walikuwa wengi. Agnesi akafika kutoka Ruhembe, sasa naye ni bibi mwenye wajukuu. Hakusema mengi. Aliomba tu, "Mikono niachieni mimi." Wakampisha, akaiosha kidole kimoja kimoja.