Maji ya Kasolwe na Kanuni ya Siku Saba: Maisha ya Mwenya Ng'andu Chomba

Baba Mchungaji, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa nyumba za zamani za mgodi, na ninyi mliotoka Mikunku kwa miguu tangu alfajiri, familia imenipa mimi, Mofya Ng'andu, kitindamimba wa nyumba yetu, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bana Kaluba, mama wa Kaluba, nami nitayasoma kama yeye alivyopenda taarifa isomwe, bila kuruka tarehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952 katika kijiji cha Mulobola, wilaya ya Luwingu, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Ng'andu na marehemu Mama Chola, na mwaka 1958 baba alipopata kazi ya shaba, familia ikahamia kwenye nyumba za mgodi wa Chamuchele, nje kidogo ya Kitwe, enzi ambazo king'ora cha asubuhi kilitosha kuwa saa ya kila nyumba na kila ua ulikuwa na mpera wake.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1960, akajiunga na sekondari ya wasichana huko Kasama mwaka 1967 hadi 1971, ambako, kama alivyosimulia mwenyewe akicheka, viwavi vilivyokaushwa, kitoweo cha kwetu, alivyofungiwa na mama alivigawa kidogo kidogo kwa mwenzake mwenye kitabu cha kemia, kiganja kimoja kwa sura moja, na hivyo akamaliza kitabu kabla ya viwavi kwisha. Desemba 1974 alipata cheti cha ufundi wa maabara, na tarehe 13 Januari 1975 akaajiriwa katika maabara ya maji ya manispaa, akazunguka vijito vyote kwa baiskeli, kikapu kimejaa chupa.

Ni katika kazi hiyo, kwenye mto Kasolwe, mwezi Agosti mwaka huo huo, alipomkuta kijana mmoja fundi wa pampu za mgodi akivua samaki, Kapasa Chomba, ambaye leo ni mgane wetu na amekaa hapa mbele, naye Kapasa alipomwona akitumbukiza kipimo majini alimwuliza, "Dada, unawapima samaki homa?" Dada akamjibu bila kuinua kichwa, "Napima maji. Samaki umeshawafukuza wewe na kelele zako." Walifunga ndoa kanisani tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto watatu, Kaluba mwaka 1978, Nkandu mwaka 1981 na Chileshe mwaka 1985.

Waliokuwepo wanaikumbuka miaka ile, Jumamosi magitaa klabuni na wanaume wamevaa suruali zilizopigwa pasi mpaka zinakata, Jumapili baada ya ibada familia nzima Kasolwe, nshima, ugali wetu, na mboga za karanga kwenye sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, watoto wakioga mpaka midomo inatetemeka, na dada akiwa amekaa juu ya jiwe, viatu mkononi, akitazama mchanga wa chini ya maji, kwa sababu wakati ule uliweza kuuona.

Mwaka 1994 alihamia ofisi ya serikali ya kudhibiti uchafuzi, akiwa mkaguzi mwenye cheti. Mgodi ulipouzwa kwa wenye mali wapya mwaka 2000 ilikuja kanuni mpya, kwamba mkaguzi hawezi kuchukua sampuli ya maji ya mgodi mpaka aipe kampuni taarifa ya siku saba, na kwa miaka minne dada alitoa taarifa, akasubiri siku saba, akaenda, akakuta maji safi, huku wanawake wa Mikunku, kijiji cha chini ya mto, wakimletea ofisini maji ya rangi ya kijani ambayo sabuni haikutoa povu ndani yake. Machi 2004 aliandika ripoti akisema kanuni ile inampa mchafuzi muda wa kufagia, na jibu alilopata lilikuwa barua ya kumhamishia chumba cha kumbukumbu, akapange mafaili.

Alikaa humo miaka miwili, akafanya walichomtuma, akapanga mafaili yote, ila aliyasoma pia. Katika sheria ya zamani ya maji ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta, alikuta kifungu cha kumi na nne, kinachomruhusu mkaguzi kuchota sampuli wakati wowote, bila taarifa, mahali wananchi wanapochota maji ya kunywa, na kwa kuwa waliomhamisha walisahau kumnyang'anya cheti chake, tarehe 11 Septemba 2006 alipanda basi hadi Mikunku, akachota chupa sita mbele ya Bana Mpundu, mmoja wa wanawake wale wa maji ya kijani, na wenzake, akazipiga lakiri. Majibu ya maabara yalionyesha shaba na asidi mara nyingi kupita kiwango, na wanakijiji wakafungua kesi.

Hapa familia imekubaliana isifiche kitu. Tarehe 30 Machi 2007 shemeji Kapasa alipewa barua ya kustaafishwa mapema, na barua ya pili ikawataka watoke kwenye nyumba ya mgodi ifikapo Juni.

"Mwenya, tumeishi humu miaka thelathini," alimwambia. "Si uwaachie vijana wa ofisini hiyo kesi?"

"Vijana hawakuchota maji, Baba Kaluba. Nimechota mimi."

Tangu siku hiyo shemeji hakuzungumza naye zaidi ya salamu kwa muda mrefu, walihamia vyumba viwili vya kupanga wakiwa hivyo, na dada alituambia baadaye kwamba kampuni haikumtisha hata siku moja kama kile kimya cha mezani.

Tarehe 17 Februari 2009 aliitwa kutoa ushahidi Mahakama Kuu. Wakili wa kampuni alimwuliza, "Mama, ulitoa taarifa ya siku saba?"

"Sikutoa."

"Kwa hiyo ulivunja kanuni."

"Kanuni hiyo ni ya maji yanayotoka kwenye bomba la kampuni, mheshimiwa. Mimi nilichota pale Bana Mpundu anapochota ya kupikia. Labda ningempa taarifa yeye, lakini alikuwepo, ndiye aliyenishikia chupa."

Watu walicheka, jaji akagonga meza, na wakili akabadili njia, akasema shahidi huyu ana kinyongo kwa sababu mumewe alipoteza kazi. Ndipo mtu akasimama kati ya wanawake wa Mikunku, amevaa koti lake la harusi, na dada, ambaye hakujua kama angekuja, akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Mume ndiye mimi," alisema shemeji. "Barua ilikuja baada ya chupa, si kabla. Na kinyongo ni changu, yeye hana."

"Mzee, kaa chini, hujaitwa," alisema jaji.

"Nimekaa, mheshimiwa. Nimeshasema."

Walirudi nyumbani siku hiyo wakibishana njia nzima kuhusu koti lililombana, na majirani wanasema hawakunyamaza tena mpaka mwaka huu.

Hukumu ilitoka tarehe 6 Mei 2011, kifungu cha kumi na nne kikasimama, rufaa ya kampuni ikatupwa Oktoba 2014, mabwawa ya majitaka yakajengwa upya, Mikunku ikachimbiwa visima, na mwaka 2015 kanuni ya siku saba ikafutwa. Dada alikuwa amestaafu tangu Juni 2010. Mto haukurudi kuwa ule wa mwaka 1975, naye hakupenda aambiwe kwamba umerudi, alisema umepata nafuu, na nafuu si uzima.

Aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo Novemba 2021, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, na tarehe 3 Agosti mwaka huu, saa nne asubuhi, alifariki hospitalini, shemeji akimsomea gazeti, habari ya mgodi mwingine wa mkoa mwingine, na neno lake la mwisho lililoeleweka lilikuwa, "Rudia tarehe, umeikosea."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi Mwaba aliyemvumilia alipoikagua kila chupa ya dawa, majirani mliopika na kulala matangani, wafanyakazi wenzake wa manispaa na wa serikali, pamoja na wale wa kampuni ya mgodi walioamua kuja ingawa hawakujua watapokewaje, nao wamepokewa.

Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wanane. Jina lake halimo katika sheria yoyote, sheria huandikwa kwa namba, lakini tangu mwaka 2015 kila mkaguzi wa nchi hii anaweza kwenda mtoni bila kumwomba mtu ruhusa.

Nenda kwa utulivu, dada Mwenya, Mungu akulaze mahali pa amani.