Nilisoma Neno Nikimtafuta Adui

Ndugu zangu, mnivumilie. Haya sijawahi kuyasema mbele ya watu.

Nilizaliwa Kegonga, nikaolewa kisiwani Rusinga, mke wa pili. Mume wetu alikuwa mvuvi. Asubuhi moja upepo ulipindua mashua yake ziwani, na mwili ukaonekana siku ya tatu. Tangu hapo nikawa mtu wa hofu. Maji yakitikisika tu kwenye karai, moyo unaruka. Paka akikanyaga mabati, nasema sasa wachawi wamenijia mimi.

Hofu ikitafuta mtu wa kumshika, haimkosi. Nikamshika mke mwenzangu. Nikasema ndiye aliyemroga mume wetu.

Basi nikafungua Neno. Nawaambia ukweli, sikufungua nimsikie Mungu. Nilitafuta zile sehemu za adui kuangamizwa, nikazipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kila asubuhi nasimama uani, uso kwenye mlango wa mke mwenzangu, nasoma kwa sauti. Watu wakasema huyu mama ameokoka kweli. Lakini nikimaliza, naogopa kuliko nilivyoanza.

Siku moja msichana wangu wa miaka saba alimwaga uji. Nikageuka kumtazama, kitabu kikiwa mkononi. Akarudi nyuma hadi ukutani.

"Mama, usinisomee," akasema. "Mimi si adui."

Ndugu zangu, hata ziwa halijanitisha hivyo.

Nilienda Mbita kwa mama mzee anayefundisha katekisimu, nikamweleza yote. Hakunikemea. Alinifungulia habari ya Bwana kutuliza dhoruba iliyopiga mashua ya wanafunzi wake. Nikakataa. "Hiyo siwezi, mama. Mume wangu hakuna aliyemtulizia upepo."

"Najua," akasema. "Soma polepole. Usitafute nani alileta upepo. Tafuta wewe uko wapi ndani ya hiyo mashua."

Nilisoma wiki nyingi, mstari mmoja mmoja. Nikajiona nimeng'ang'ania ubao, napiga kelele. Na chini kabisa ya kelele, ndani yangu, kulikuwa na mahali palipotulia. Padogo. Niliogopa hata kupagusa.

Ndipo nikabisha ule mlango. Mke mwenzangu akafungua kidogo tu. "Umekuja kunisomea?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Kila asubuhi nikikusikia, nilisukuma kabati mlangoni," akasema. "Na mimi pia nilifiwa."

Namshukuru yule mama wa Mbita. Namshukuru mke mwenzangu, aliyekubali niyaseme haya leo. Hofu bado hunijia, sitawadanganya. Lakini nawaomba: ukisoma Neno ukamwona jirani yako ndiye mwovu, funga kitabu kwanza. Kaa kimya. Kisha fungua tena, ujitafute wewe.