Mwenza wa Ragnhild

Jua la Aprili hapa kwetu kaskazini ni bahili, na likitoka hukimbilia mahali pamoja tu: ukuta wa kusini wa duka la ushirika. Hapo ndipo lilipo benchi, na kando ya benchi ndipo kilipo kibanda changu cha kahawa na chapati tamu za jibini ya kahawia. Wenye benchi ni watatu, wote marubani wastaafu wa kambi ya anga iliyo nyuma ya kilima, na wote wana majina ya kikosini yaliyowaganda kuliko yale ya kanisani. Askofu hawezi kuomba sukari bila kuhubiri. Chumvi ni kwa sababu ya ulimi wake. Kijana alikuwa mdogo wao. Sasa ana miaka sitini na mitatu na nyonga ya bandia, lakini jina limekataa kuzeeka. Mimi ni Gudrun, niliyekuwa mpishi wa kambi hiyo kabla ya kufungua kibanda, kwa hiyo nimewalisha ujanani na ninawanywesha uzeeni. Asubuhi hiyo walikuwa wamekumbatia gazeti. Ragnhild Myrseth, mwanamke wa kwanza kurusha ndege ya kivita kutoka kambi yetu, alikuwa amefariki Jumatatu kwa saratani, na maziko yalikuwa kesho yake saa tano. Picha yake ilijaza ukurasa wa mbele. Alipokuwa hai, gazeti hilohilo lilimwandika mara moja, alipogonga kulungu kwa gari.

Askofu: Nimepigiwa simu na watu wa televisheni. Wanatafuta mtu aliyemjua marehemu kwa karibu.

Chumvi: Wakakupigia wewe?

Askofu: Sasa wampigie nani? Ragnhild alikuwa binti yangu kikosini. Nilimlea kama yai.

Chumvi: Na yai hatimaye hukaangwa.

Kijana: Jamani, msigombanie maiti. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

Chumvi: Hiyo inaingiaje hapo? Mtu alikuwa anaruka kushinda sauti yake mwenyewe.

Kijana: Inaingia. Wewe ifikirie taratibu, utaiona.

Askofu alikuwa amekwisha kupiga pasi koti lake la kikosi, na alilivaa kabisa pale benchini, lisije likasahau umbo lake kabla ya kesho. Nishani zote zilikuwapo. Alitaka kukaa safu ya mbele kanisani, na Kijana naye alitaka safu hiyohiyo, na kanisa letu safu ya mbele ni fupi. Wivu wa wazee ni mbaya kuliko wa wanaogombania wali wa harusi.

Askofu: Mimi nitawaambia televisheni jambo moja tu. Huko angani, mtu ni mwenza wake. Hakuna rubani wa kivita anayeruka peke yake. Ni wawili wawili, bawa kwa bawa, wewe unamlindia mwenzako mgongo, naye anakulindia wako. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kijana: Kweli kabisa. Mimi mwenza wangu alikuwa Chumvi, miaka saba. Nilikuwa najua atapiga chafya kabla hajapiga.

Chumvi: Na mimi nilikuwa najua unaogopa mawingu.

Kijana: Siyaogopi. Nayaheshimu.

Askofu: Mke anaweza asijue. Mwenza anajua. Hilo nitalisema.

“Sawa,” nikamwambia, “na wakikuuliza kwa nini Ragnhild aliachishwa ndege za kivita baada ya majira mawili tu ya baridi, utawaambiaje?”

Askofu akanipa kikombe nimwongeze. Hiyo ndiyo njia yake ya kununua muda.

Kijana: Mimi nina jibu. Ni kiti.

Chumvi: Kiti.

Kijana: Kile kiti cha rubani kilipimwa kwa makalio ya kiume, mzee. Mwanamke akikaa, uzito unaenda nyuma, pua ya ndege inanyanyuka. Ukiruka hivyo miezi mingi, ndege yenyewe inachoka. Hiyo ni fizikia.

Chumvi: Fizikia ya chuo gani?

Kijana: Wewe cheka tu. Ndege zake zilikuwa zinarudi zimechoka. Muulize fundi yeyote.

Chumvi: Mafundi wote wameshakufa.

Kijana: Si unaona? Kwa uchovu.

Askofu: Acha kumpaka marehemu makalio, bwana. Haikuwa kiti. Ilikuwa mapenzi.

Chumvi: Haya, tumefika.

Askofu: Mrusi. Si mnakumbuka zile ndege zao za upelelezi zilizokuwa zinapita juu ya Bahari ya Barents, nasi tunatumwa tukazitazame? Basi yule rubani wao alikuwa anakuja Alhamisi tu. Na Alhamisi Ragnhild alikuwa haumwi, hachelewi, hana udhuru. Wanakwenda sambamba, dirisha kwa dirisha, wanatazamana. Siku moja yule Mrusi akainua keki.

Kijana: Keki nzima?

Askofu: Kipande. Chenye mshumaa. Na siku hiyo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Ragnhild. Alijuaje? Jiulize.

Chumvi: Na wewe hiyo keki uliiona?

Askofu: Niliambiwa.

Chumvi: Na nani?

Askofu: Na watu. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja.

Chumvi: Mshumaa unawaka huko juu?

Askofu: Mapenzi hayana upepo.

Kijana akasogea karibu, akashusha sauti kama vile shakwe waliokuwa juu ya paa la duka walikuwa na masikio ya kijasusi.

Kijana: Ninyi hamjui kitu. Hakuachishwa. Alihamishwa. Ile ndege ya wagonjwa aliyorusha miaka yote ile mpaka anaugua, mlifikiri ni ya wagonjwa?

Chumvi: Ilikuwa na wagonjwa ndani.

Kijana: Geresha. Chini ya machela palikuwa na kamera. Anabeba akina mama wenye uchungu kutoka visiwani, huku anapiga picha nyambizi. Mtoto analia, kamera inalia, nani atasikia?

Askofu: Sasa hapo unaongea. Inawezekana na keki ilikuwa ishara.

Kijana: Keki ilikuwa ishara, mzee. Haba na haba hujaza kibaba.

Nilikuwa nasikiliza huku nageuza chapati, nikaiunguza moja kwa hasira. Wiki nzima mji umekuwa ukimlilia Ragnhild kwa sauti kubwa. Meneja wa duka ameweka picha yake dirishani kati ya ndizi na sabuni. Bendera zimetolewa kabatini zisubiri kesho zipepee nusu mlingoti. Na mimi namkumbuka akija hapa asubuhi baada ya safari za usiku, macho mekundu, ananunua kahawa, anainywa amesimama kule penye baiskeli. Benchi hili linakaa watu wanne. Sijapata kuona mmoja wa hawa watatu akisogea.

“Mnamsema mtu mliyemwacha anakunywa kahawa kwa kusimama,” nikawaambia.

Askofu: Alipenda kusimama. Rubani hukaa sana.

Chumvi: Mimi alinibeba.

Wote tukamgeukia. Chumvi hana kawaida ya kuanzisha habari. Yeye huzikata za wenzake.

Kijana: Alikubeba lini?

Chumvi: Nilipoangushwa na moyo, mwaka ule theluji ilipoanguka Mei. Nimelala kwenye machela ndani ya ndege, mbele naona kisogo cha rubani. Nikakijua. Akageuka, akaniambia, “Eyvind, mbele kuna upepo mbaya kidogo, nitazunguka, usiogope.” Hakuniita Chumvi.

Askofu: Ukamjibu nini?

Chumvi: Nilikuwa na mpira wa oksijeni mdomoni.

“Na baadaye?” nikamwuliza.

Chumvi: Baadaye nilipona.

Kijana: Ndiyo hayo. Baniani mbaya, kiatu chake dawa.

Chumvi: Nani alikuwa mbaya hapo?

Kijana akaangalia chapati yake.

Hapo ndipo gari la jeshi lilipoegeshwa mbele ya duka, akashuka binti mrefu mwenye sare, nywele kazifunga fundo, beji ya mabawa ya rubani kifuani. Umri wake haufiki thelathini. Alikuja moja kwa moja kibandani, akanunua kahawa, akalipa, akawageukia wazee kwa adabu kabisa.

“Habari za asubuhi, wazee wangu. Mimi naitwa Luteni Sunniva Krokan, wa kambini. Nimepewa kazi ya kupanga msafara wa kesho. Nimeambiwa ninyi nyote mlikuwa kikosi kimoja na Kapteni Myrseth.”

Askofu akasimama. Nishani zikalia.

Askofu: Umefika penyewe, mwanangu. Sisi ndio watu wake. Uliza lolote.

“Ni jambo dogo tu. Kofia yake na nishani zitawekwa juu ya mto wa mahameli, na huo mto unatangulia mbele ya jeneza kutoka kanisani mpaka kaburini. Kwa desturi ya kikosi hubebwa na mwenza wake, yule aliyekuwa akiruka kando yake. Mwenza wake alikuwa nani?”

Kijana akaanza kukwangua jibini kwa ukucha. Chumvi aliangalia ukuta, ingawa alikuwa ameupa mgongo na ilimbidi ageuze shingo ili auone. Binti wa watu akangoja, kikombe mkononi, uso wazi, kama mtu aliyeuliza njia ya posta.

Askofu: Unajua, mwanangu, enzi zile tulikuwa tunapokezana.

“Basi aliyeruka naye mara nyingi zaidi.”

Askofu: Hilo sasa, ni muda mrefu.

“Hata aliyeruka naye mara moja, mzee. Mara moja inatosha.”

Kijana: Mimi wakati ule nilikuwa na mafua.

“Majira yote mawili ya baridi?”

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua tu, na hilo ndilo lililomfanya Kijana awe mwekundu mpaka masikioni.

Kikosini kwetu hapakuwa na mkubwa wa kupanga nani aruke na nani. Hilo lilikuwa jambo la heshima kati ya marubani wenyewe. Asubuhi kila mmoja alichukua kibao cha jina lake akakitundika ubaoni, kando ya kibao cha yule anayemtaka. Ubao ule ulikuwa mkabala na dirisha la jiko langu. Ragnhild alitundika chake mapema kuliko wote, halafu akakaa na kahawa yake akingoja. Wakiingia hawa, huyu ana mafua, huyu mgongo, huyu ameshaahidiana na mwingine tangu jana. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemfungia mlango. Akiruka, aliruka na walimu waliotumwa kutoka kusini kuja kumpima, wakishampima wanaondoka. Asiye na mwenza hubaki chini, anayebaki chini saa zake za kuruka hupungua, na zikipungua hunyang'anywa ndege bila mtu yeyote kuwa na kosa. Wakati ule Askofu alikuwa akiwaambia wenzake, mbele ya sufuria zangu, kwamba umoja ni nguvu.

Askofu: Niandike mimi. Meja mstaafu Torleif Haugnes.

“Wewe ndiye uliyekuwa mwenza wake?”

Askofu: Mimi ndiye ninayefaa. Televisheni itakuwepo.

Chumvi: Kaa chini, Torleif.

Askofu: Asipopatikana wa kuubeba, mji mzima utaona nini?

Chumvi: Nimesema kaa chini.

Sikuwa nimewahi kumsikia Chumvi akimwita kwa jina la ubatizo, wala hata mke wa Askofu hakuwa akimwita hivyo. Akakaa. Koti lake lililopigwa pasi likajikunja tumboni.

“Na ikiwa hakuna?” Kijana akauliza. “Yaani, tuseme mtu hakuwa na mwenza. Mto unabebwa na nani?”

“Haubebwi na mtu,” Luteni akasema. “Unawekwa juu ya jeneza, na ile nafasi ya mbele inaachwa wazi.”

“Watu wataona?”

“Ndiyo, mzee. Barabara yote.”

Akawatazama mmoja baada ya mwingine. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuelewa, kwa sababu mkono wake ulikwenda kwenye yale mabawa kifuani ukabaki hapo.

“Hata mmoja?” akauliza.

Chumvi alifumbua mdomo. Nilidhani atasema, na namshuhudia kwamba alijaribu, lakini kilichotoka ni kikohozi. Kijana alikuwa analia kwa aibu, bila sauti, anajifuta kwa karatasi yenye mafuta ya chapati. Askofu alikuwa anazihesabu nishani zake kwa kidole.

Luteni akarudisha kikombe kwangu kikiwa nusu. Akanishukuru mimi, akawainamia wao kichwa kama anavyopaswa kuwainamia wakubwa zake wa kazi, akaingia garini. Tukalisikia likipanda kilima.

Mlio wake ulipokwisha, Askofu akaninyooshea kikombe chake, bila kunitazama.

“Gudrun, niongeze kidogo.”

Birika lilikuwa mkononi mwangu, limejaa, linanichoma kiganja. Nikamwambia kahawa imekwisha.